Penseli Haikuanguka

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima pamoja na wifi na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua siku za mazishi kimepoa. Sisi huku tupo. Mama magoti yanamuuma asubuhi, mchana yanamsahau, jioni yanamkumbuka tena. Anakula vizuri na anagombana na jirani kuhusu kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ujue afya anayo. Mimi mwili ni mzima. Kikohozi ninacho kidogo, ni cha kiwandani, kila mtu kule anacho.

Barua yako tuliipata. Mama alitaka nimsomee kwa sauti, nikamsomea, ila niliruka sehemu mbili. Ya kwanza ni pale uliposema Baba aling'ang'ania kazi mpaka ikamwaibisha, kwamba laiti angestaafu mapema yasingemkuta yaliyomkuta. Ya pili ni pale uliposema mambo ya zamani tuyaache yalale, yazeeke taratibu kama mvinyo, siku moja tutayafungua tukute yamekuwa matamu. Hiyo ya pili niliisoma tena peke yangu jikoni, mara tatu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kweli kusoma si mchezo.

Umeniomba pia nikutumie glasi ya Baba ya kuonjea na daftari lake la mapipa, uviweke kwenye kabati la kioo pale mlangoni kwenu, wageni wavione. Hilo nitakujibu mwishoni. Kwanza kaa kitako, kaka yangu, kwa sababu kuna habari ambazo hukuzipata, na nyingine ulizipata ukajifanya hukuzipata.

Unajua, kama mtaa mzima unavyojua, kwamba ile homa iliyomlaza Baba wiki tatu iliondoka na pua yake. Usichojua ni kwamba siku aliyorudi kazini alirudi na mimi. Wewe uliambiwa nimeajiriwa kushika taa na kuandika, ukaniandikia kutoka chuoni ukinipongeza kwa kupata kibarua. Kibarua! Nilikuwa pua yake. Aliniita nyumbani, Mama akiwa sokoni, akafunga mlango, akanieleza kwamba mkuu wa ghala la mvinyo asiyenusa ni sawa na dereva asiyeona, na tajiri akijua leo, kesho tunahama nyumba ya kampuni. Ulimi wake ulikuwa umebakiwa na uchachu, uchungu na chumvi tu, na kwa hayo mtu hawezi kuujua mvinyo.

Basi tukapanga. Mimi ndiye ningevuta mvinyo kwa mrija kutoka kwenye pipa na kummiminia, kwa hiyo ningenusa kabla glasi haijamfikia. Yeye angeizungusha kama kawaida yake, angeipeleka puani na kufumba macho kama kawaida yake. Pipa likiwa zuri, naandika. Pipa likiwa na kasoro, penseli inaniponyoka, inaanguka sakafuni, na nikiinama kuiokota karibu na mguu wake namnong'oneza ni kasoro gani. Miaka saba, Kaka. Nyundo, fundi wetu wa mapipa, alinitania miaka yote hiyo kwamba nimelogwa na penseli, akataka anifungie kwa kamba shingoni kama kengele ya mbuzi. Hakujua lolote. Yeye mwenyewe ana ugoro puani tangu ujana wake, hata ghala likiungua ataambiwa na watu. Baba ndipo alipoanza kuniita Pua. Mama akadhani ananisema kwa ukubwa wake, akamkataza mbele ya wageni.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kata nilikuwa mimi, na sikumwambia mtu, hata wewe.

Na nilijifunza. Wewe ulifundishwa darasani, mimi nilifundishwa na Baba na mapipa yenyewe. Mvinyo mchanga unang'ata ulimi, una makelele. Unapoingia kwenye pipa la mwaloni, lile ambalo Nyundo amelichoma kwa ndani mpaka likanukia kama mkate, unaanza kutulia. Mbao zinaupa harufu yake na kuupumulisha kidogo kidogo kupitia vinyweleo ambavyo jicho halivioni. Lakini pipa nalo linakunywa. Kila wiki mvinyo unapungua, na ukiiacha ile nafasi ya juu hivihivi, hewa inajaa na mvinyo unageuka siki. Kwa hiyo kila Jumatatu nilipita na dumu la mvinyo uleule, pipa moja hadi jingine, nachungulia tunduni, najaza mpaka mdomoni, napigilia kizibo. Hamsini na mawili kwa jumla. Mgongo wangu unayajua yote kwa namba zake.

Baba alikuwa na mwiko mmoja: pipa halihukumiwi kabla ya siku yake. Ukiwa unajaza, unajaza tu, hunusi, hutoi neno. Alisema mvinyo katikati ya safari hupitia harufu za ajabu, na mwenye kidomodomo atauharibia jina kabla haujafika. Kwa hiyo miezi kumi na minane unauacha, mwezi wa kumi na minane ukitimia ndipo unavuta na kuonja pipa kwa pipa. Sisi tuliufuata mwiko huo kama sheria. Laiti tungeuvunja.

Sasa nije kwenye msimu wako. Ulirudi na cheti, viatu vya ngozi na yale maneno marefu. Tulikufurahia, usidhani ninaandika kwa husuda tangu mwanzo. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza. Tajiri akakukabidhi mapipa papo hapo, na mgongo wa Baba ukachagua wiki hiyohiyo kumlaza kitandani. Ukaingia ghalani ukakuta ukungu mweusi nje ya mapipa, ule ambao upo katika kila ghala la mvinyo duniani na haumdhuru mtu, ukasema ni uchafu, kwamba wanunuzi wanakuja kutembelea na haiwezekani wakute hali ile. Nyundo akakuambia mapipa huoshwa kwa maji ya moto na kufukizwa moshi wa salfa, basi. Ukamjibu kwamba hiyo ni kazi ya enzi za babu. Ukatuma yaletwe madumu ya dawa ya kung'arishia nguo, ile ya kufulia mashuka. Mkaosha mapipa arobaini, ndani na nje. Yale kumi na mawili ya ukutani hukuyafikia kwa sababu dawa iliisha.

Nami nilikuwepo. Nilishika brashi. Macho yalinichoma, nikaenda kunawa, nikarudi nikashika brashi tena kwa sababu wewe ndiye uliyesoma. Mapipa yakang'aa. Wanunuzi wakaja, wakasifu, wakapigwa picha, na mgema akisifiwa unajua anachofanya na tembo lake. Mvinyo ukajazwa. Baba alipoinuka kitandani baada ya siku kumi, alikuta kila pipa limeshazibwa. Baada ya miezi minane tajiri akakuandikia barua nzuri ya kukusifu, ukaenda kwenye ile kampuni kubwa, miaka miwili ya majaribio, halafu urudi kwetu. Ulipunga mkono dirishani. Jumatatu yake mimi nilikuwa ghalani na dumu langu.

Miezi ikapita. Siku tatu kabla ya kuonja, tulikuwa mezani tunakula, Baba akasema tajiri amemuuliza nani atamrithi. Nilitarajia jina langu, sikufichi. Nilijua sina cheti, lakini nilijua pia kwamba kila chupa iliyosifiwa kwa miaka ile ilipita puani mwangu kwanza. Na Baba alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Akasema amekutaja wewe. Mama akasema vema. Nikauliza, kwa upole kabisa, na mimi je? Baba hata kijiko hakukiweka chini. Akasema, "Wewe utamsaidia kaka yako kama unavyonisaidia mimi."

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo watu wanavyosema. Kwetu ilikuwa kinyume chake: asiyekuwepo ndiye mwenye lake, na aliyekuwepo kila Jumatatu aliambiwa asaidie. Nikaondoa vyombo, nikaviosha. Niliosha sufuria ileile mpaka Mama akaniuliza kama nataka kuitoboa.

Siku ya kuonja ikafika. Mlango wa ghala, ubaridi ule, Baba na koti lake la heshima, mimi na taa na daftari, Nyundo nyuma yetu na nyundo yake. Pipa la kwanza nikavuta, nikamimina, nikanusa. Ilikuwa harufu ya boksi lililolowa mvua likasahauliwa uvunguni. Hakuna tunda, hakuna mwaloni, hakuna mkate, boksi tupu. La pili hivyohivyo. La tatu nikanusa mara mbili nikidhani ni glasi, na haikuwa glasi. Tulipofika yale ya ukutani, kumi na mawili yaliyokukosa, mvinyo ulikuwa safi, mzuri wa kukutoa machozi. Hapo sikuhitaji kwenda chuo. Kila pipa lililopitiwa na mkono wako limekufa, na kila lililokukosa liko hai.

Penseli ilikuwa kati ya vidole vyangu. Nilichotakiwa kufanya ni kulegeza vidole tu.

Sikuvilegeza. Tangu pipa la kwanza nililamba ncha yake, nikaandika: zuri. Mara hamsini na mbili niliandika zuri, na arobaini kati ya hizo zilikuwa uongo. Baba alizungusha, akapeleka puani, akafumba macho, akatikisa kichwa kuridhika, kama tulivyozoea. Mwisho akatia saini yake chini ya mwandiko wangu.

Tukatia kwenye chupa. Wafanyakazi walifurahi, tajiri alileta soda. Yeye mwenyewe pua yake ni ya kunusia biashara tu, hakugundua kitu. Chupa zikalazwa kwa ubavu ili kizibo kisikauke, mwaka mzima, safu juu ya safu, gizani. Nilipita mbele yake kila siku. Kwa nini sikusema basi katika mwaka huo wote, utaniuliza. Nitakuambia, subiri kidogo.

Ulibakiza miezi miwili kurudi pale shehena ilipouzwa mapema, bila kukungoja, kwa sababu mnunuzi mmoja alikuwa na haraka. Wiki ya tano malori matatu yakarudi na chupa zilezile. Tajiri akaita mtaalamu kutoka mbali. Mtaalamu akanusa chupa moja, akaiweka chini bila kuionja, akaenda kukwangua mbao. Majibu yalikuja kwamba dawa ya nguo ilinywewa na mwaloni, ikakutana na ukungu ndani ya mbao, na viwili hivyo vikazaa ile harufu, na kwamba haitoki milele, si kwenye mbao wala kwenye mvinyo. Mapipa arobaini yakapasuliwa kuwa kuni. Nyundo ndiye aliyeyapasua, na aliyapasua akilia, mtu mzima yule.

Tulikusanywa wote ghalani. Tajiri akauliza nani aliagiza mapipa yaoshwe kwa dawa ile. Nyundo akafungua mdomo, Baba akamtazama, Nyundo akaufunga. Baba akasema ni yeye aliyeagiza, kutoka kitandani. Tajiri akauliza nani aliyeonja na kupitisha uoza ule. Baba akasema ni yeye, na kwamba pua yake ilikufa miaka saba iliyopita, na muda wote huo alikuwa akiwadanganya wote peke yake. Peke yake, Kaka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, penseli ikiwa mfukoni, na sikutoa neno.

Baada ya miaka thelathini na mmoja, akapewa siku nane ahame. Nawe ukaandika kwamba kwa hali ilivyo ni busara ubaki hukohuko, ukabaki, wakakupandisha cheo. Funika kombe mwanaharamu apite. Usiniambie hukujua ni dawa ya nani. Mazishini nilikuona ulivyozunguka nyuma ya gari ili usipeane mkono na Nyundo.

Nyumba tuliyohamia umeiona, vyumba viwili na kibaraza. Mimi nikapata kazi kiwanda cha sabuni, kukagua vifuniko vya chupa. Unajua chupa zenyewe ni za nini? Ni za dawa ileile ya kung'arishia nguo. Mwanzoni nilidhani Mungu ananitania. Sasa pua yangu imechoka, kahawa na mafuta ya taa karibu ni kitu kimoja. Baba akakaa kibarazani miaka mitatu. Watu wakipita walimsalimia kwa kumwonea huruma, na Baba hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Nyundo alikuja kila Jumapili, wakakaa, kisha akaondoka.

Mwezi wa mwisho nilishindwa kubeba. Ilikuwa mchana, Mama amelala, mimi namkata Baba kucha za miguu kwa sababu alikuwa hawezi tena kuinama. Nikamwambia nikiwa nimeangalia vidole vyake, kwa sababu usoni nisingeweza. Nikasema, "Baba, siku ile nilinusa. Nilinusa, nikanyamaza." Nilikuwa nimepanga kuendelea, nimwambie na sababu, yote, halafu anifukuze kama atataka. Lakini yeye akawahi.

Akasema, "Nilijua, Pua. Penseli ilikaa mkononi, lakini pua yako ilikunjana."

Kumbe miaka saba hakuwa akisikiliza penseli peke yake, alikuwa akiusoma na uso wangu. Akanieleza taratibu, anapumzika kila baada ya maneno machache. Siku ile alipoinuka kitandani aliyakuta madumu matupu nyuma ya mlango wa ghala. Alimuuliza Nyundo, Nyundo akamwambia, wakakubaliana wanyamaze wakitumaini maji ya suuza yalitosha. Kwa hiyo siku ya kuonja aliingia ghalani na hofu. Alijua penseli ikianguka itabidi ayakatae mapipa hadharani, tajiri atauliza sababu, sababu itakuwa wewe, na wewe ulikuwa bado uko kwenye majaribio kwa barua ya tajiri huyohuyo. Ungerudishwa nyumbani na jina bovu, na shule yote ile ingekuwa bure. Akanitazama pipa la kwanza, akaona pua imekunjana. Akangoja penseli. Haikuanguka.

Akanishika mkono, ule wenye mkasi. Akasema alipoona vile alisema moyoni kwamba kumbe mtoto huyu anampenda kaka yake kiasi hiki, amekubali kusema uongo kwa ajili yake, baada ya yale aliyoniambia mezani. Akasema alitia saini akiwa na furaha. Akasema, "Ahsante, mwanangu. Nilikuwa sijapata nafasi ya kukushukuru."

Nilikaa na ule mguu wake mapajani. Kisha nikamaliza kucha za mguu wa kushoto, nikazikusanya, nikaenda kuzitupa. Siku kumi na tisa baadaye akafariki.

Basi nakuambia wewe niliyoshindwa kumwambia yeye. Sikunyamaza kwa kukupenda. Nilinyamaza ili uaibike. Nilikuwa nimekuona kabisa kichwani mwangu: umerudi, umevaa lile koti la mkuu wa ghala, umewaalika wanunuzi kwa chupa zako za kwanza, unazungusha glasi na maneno yako marefu, halafu ile harufu inapanda mbele ya wote, na Nyundo anasema kwa sauti ni nani aliyeyaosha mapipa. Ndiyo maana mwaka mzima nilipita mbele ya chupa zile na sikusema. Nilikuwa nakungoja. Saini ya Baba iliyokuwa pale chini ya mwandiko wangu sikuifikiria hata kidogo, naapa, na ndilo kosa langu kubwa, kwamba nilimsahau. Wewe uliharibu mapipa kwa kutojua. Mimi nilimharibu Baba huku najua ninachofanya, nikidhani ni wewe.

Na usidhani nakuomba msamaha. Hata msamaha wenyewe sijui ni wa kumwomba nani. Kinachonichoma ni ile ahsante. Miaka saba nilinusa badala yake, nikaibeba siri yake, nikajaza mapipa yake, na hakuwahi kunishukuru hata mara moja. Aliponishukuru alinishukuru kwa kitu ambacho sikufanya, na kwa ajili yako. Nami nikaipokea, nikanyamaza, kwa sababu ahsante nyingine nilijua sitaipata. Nilichomlipa kwa miaka yake thelathini na mmoja ni uongo wa pili.

Sasa ombi lako. Daftari nakutumia, liweke kwenye kabati la kioo, ulifungue pale kwenye ukurasa wenye zuri hamsini na mbili na saini moja. Ni mwandiko wangu, wageni wakiuliza waambie. Pamoja nalo nimekuwekea chupa moja ya mapipa arobaini, Nyundo alizificha mbili siku zile. Nimeilaza vizuri ndani ya majani makavu na nimemwambia mwenye gari asiiweke wima. Imezeeka gizani kwa zaidi ya miaka minne sasa, ikiwa imelala kwa ubavu kama inavyotakiwa, kizibo kikiwa na unyevu. Ile nyingine niliifungua wiki iliyopita, baada ya barua yako. Hata pua yangu hii ya kiwandani ililijua boksi. Ifungue yako mwenyewe, wifi na watoto wakiwa nje, uinuse, kisha ndiyo uniandikie tena habari za mambo kuzeeka yakawa matamu.

Glasi sikutumii. Naitumia kunywea maji.

Mama anakusalimu sana. Ameniona naandika kwa muda mrefu, akafurahi, akasema nikuambie kwamba hivi ndivyo Baba alivyotaka siku zote, sisi wawili tupendane. Nimemwambia nitakuandikia, na nimekuandikia. Msalimie wifi, wabusu watoto, na kifua usikipuuze.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,

Pua